Wimbo si mgumu, kii ndiyo imekukataa

Pita usiku wowote wa karaoke Mwanjelwa au Kabwe hapa Mbeya, au Kihesa kule Iringa, usikilize akina dada wanaomba nyimbo gani. Lady Jaydee hakosi. Ray C yumo, Nandy yumo, Zuchu yumo. Ukumbi ukichangamka mtu ataomba taarab, mwingine ataomba Westlife, na kuna mmoja atakayemjaribu Whitney Houston. Nyimbo nzuri zote. Ila karibu kila mwimbaji anakwama palepale: ubeti wa kwanza uko chini mno, maneno yanamezwa, kiitikio kikifika kiko juu mno, anapayuka hadi mishipa ya shingo inasimama. Anarudi kwenye kiti akiamini hana sauti. Sauti anayo. Kilichokosekana ni mtu wa kumshushia kii.

Kii ni kimo ambacho wimbo umesimamishwa. Huku Nyanda za Juu Kusini watu wengi wamelelewa kwenye kwaya, iwe ya KKKT, ya Moravian au ya kigangoni, na wanalijua hili tangu wadogo: mwalimu anatoa do, watu wanashika, soprano wakilalamika do inashuka. Kwenye karaoke tunaisahau elimu hiyo yote. Tunachukua biti kama ilivyo, ambayo ilipimwa kwa koo la msanii, halafu tunalilaumu koo letu kwa kutofanana na lake.

Na karaoke yenyewe ilianza kwa chombo kumfuata mwimbaji. Daisuke Inoue alikuwa mpiga vyombo mjini Kobe, Japani, akiwasindikiza wateja waliopenda kuimba baa. Mwaka 1971 akatengeneza mashine ya kucheza kanda za muziki mtupu ili ifanye kazi hiyo bila yeye kuwapo. Neno lenyewe linatokana na kara, yaani tupu, na oke, kipande cha okesutora, yaani kundi la wapiga vyombo. Kwa hiyo ukimwambia fundi mitambo "nishushie mbili", yaani hatua mbili za kii, humsumbui. Hiyo ndiyo kazi.

Namna ya kupima koo lako. Weka kwenye simu programu yoyote ya piano ya bure. Tafuta C ya katikati, ile ambayo mara nyingi huandikwa C4, kisha shuka noti moja moja ukiimba "a" hadi upate noti ya mwisho inayosikika wazi bila kukwaruza. Iandike. Rudi katikati, panda hadi noti ya mwisho unayoweza kuishikilia kwa sekunde nne bila kupiga kelele na bila kuhamia sauti nyembamba ya kichwa. Iandike pia. Wanawake wengi wasiosomea uimbaji huangukia kati ya G iliyo chini ya C ya katikati na A au B iliyo juu yake. Hapo ndipo nyumbani kwako. Alto wa kwaya atashuka zaidi kidogo, soprano atapanda zaidi, lakini soprano aliyezoea kuimba kwa sauti ya kichwa kanisani asidanganyike: Bongo Fleva huimbwa kwa sauti ya kifua, na huko mwisho wake unaweza kuwa sawa na wa alto.

Sasa pima wimbo. Sikiliza kiitikio, tafuta kwenye piano noti ya juu kuliko zote; sikiliza ubeti, tafuta ya chini kuliko zote. Hesabu nusu toni, yaani kila kibonyezo cha piano, vyeupe na vyeusi pamoja. Tuseme wimbo unagonga D ya juu na wewe unaishia B-flati, kibonyezo cheusi kilicho kushoto kwa B: zimezidi 4, shusha 4. Usikimbilie kufurahi, angalia na chini. Kama ubeti unashuka hadi A iliyo chini ya C ya katikati, ukishusha 4 inakuwa F, na wewe mwisho wako ni G. Basi shusha 3. Juu utabaki na nusu toni moja ya kusukuma, chini nusu toni moja ya kunong'ona, na hilo koo linaliweza. Kisha imba kiitikio mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza kila mtu anaweza. Ya tatu ndiyo inayosema ukweli, kwa sababu ndivyo wimbo wenyewe utakavyokudai.

Kwenye mashine na programu nyingi za karaoke kibonyezo cha KEY chenye mshale hupandisha au kushusha nusu toni moja kila unapokigusa. Ukipita 4 kwenda upande wowote, vyombo huanza kusikika vya ajabu: ngoma zinalegea, gitaa linakuwa kama la katuni. Inayozidi hapo, tafuta wimbo mwingine. Na uwe macho na DJ anayeshusha kii kwa kupunguza mwendo. Mwendo ukipungua kwa asilimia 6 hivi, kii inashuka nusu toni moja, lakini wimbo nao unalala. Mwambie afunge kii ibadilike peke yake.

Andika namba yako ya kila wimbo kwenye simu: "Yahaya, -2", yaani wimbo wa Yahaya, shusha nusu toni 2. Usiku ukifika hutakuwa na haja ya kubahatisha.

Tuje kwenye nyimbo zenyewe, maana kila msanii ana mtego wake.

Lady Jaydee ndiye pa kuanzia kwa mwanamke mwenye sauti ya kati. Yahaya, iliyo kwenye albamu yake ya mwaka 2013, inapendwa kwa kisa chake: mwanamume asiyejulikana anakaa wapi wala anafanya kazi gani. Ukumbi mzima unamjua Yahaya wake. Kisa ndicho kinachobeba wimbo, kwa hiyo kosa kubwa hapa ni maneno kutosikika. Tamka silabi za mwisho wa mistari. Watu hupenda kuzimeza, na mwenye maiki iliyojaa mwangwi akimeza silabi, hadithi yote imepotea. Mwambie fundi apunguze mwangwi hadi robo.

Ray C, yaani Rehema Chalamila, ni mzaliwa wa Iringa, na Na Wewe Milele bado inaombwa na wanawake ambao walikuwa shuleni ilipotoka. Sauti yake ni laini, ya karibu, kama mtu anayezungumza sikioni. Wenye koo la chini wampende huyu. Mtego wake uko kwenye maiki: sauti laini ikiimbwa maiki ikiwa usawa wa kifua haitasikika, fundi ataongeza, na spika zitaanza kupiga mluzi. Weka maiki sentimita 3 hadi 5 kutoka mdomoni, ielekee mdomo moja kwa moja, uimbe kwa utulivu uleule. Usipandishe sauti. Isogeze maiki.

Nandy na Zuchu wana jambo lao, nalo ni kupindapinda sauti. Kwenye Kivuruge au Sukari, neno moja linaweza kupitia noti nne au tano kabla halijatua. Anayeanza hujaribu kuiga kila pindo, na kwa kuwa mapindo hayakai sawa, wimbo wote unatoka nje ya kii. Jifunze kwanza njia iliyonyooka, noti moja kwa silabi moja, hadi uiweze usingizini. Halafu chagua mapindo mawili tu, yaweke mwisho wa mistari ambako una nafasi ya kutua. Msikilizaji atakumbuka hayo mawili. Nyimbo zao pia zimejaa sauti za nyuma zinazojibu, na ukiziimba zote utaishiwa pumzi. Waachie mashoga zako mezani.

Hapa niseme neno kuhusu sendofu na kitchen party, maana huko ndiko wanawake wengi wa Mbeya, Makambako na Njombe wanakoshika maiki, kuliko baa. Zuchu ni binti wa Khadija Kopa, na mwaka 2020 waliimba pamoja Mauzauza. Kwa shughuli ambayo mama na binti watasimama mbele, sijui wimbo wa wawili unaofaa kuliko huo: kila mmoja ana sehemu yake, kimo chake na tabia yake. Msishushe kii kwa ajili ya mmoja bila kumuuliza mwenzake. Kwenye nyimbo za wawili, 1 au 2 inatosha, na anayebanwa aombe kuimba sauti ya pili kwenye kiitikio.

Taarab ya kisasa ni utajiri ambao karaoke zetu haziujui kuutumia. Khadija Kopa, Isha Mashauzi wa Nani Kama Mama, Jahazi Modern Taarab ya Mzee Yusuf: sauti za kifua, nzito, zisizohitaji kupaa. Mwanamke wa makamo anayedhani hawezi kuimba atagundua hapa kwamba anaweza. Tatizo ni urefu. Wimbo wa taarab unaweza kupita dakika 8, na ndani yake kuna vipande virefu vya kinanda ambavyo bendi huvijaza kwa uchezaji na watu kwenda kutunza. Ukumbini ukisimama na maiki dakika mbili bila la kuimba, watu wanarudi kwenye simu zao. Kata biti mapema: utangulizi wa sekunde 20, beti mbili, kiitikio baada ya kila ubeti, kiitikio cha mwisho mara mbili, basi. Dakika 4. Programu za bure za kukatia sauti zinafanya hilo, mradi ukate mwanzoni mwa pigo na si katikati ya mlio wa kinanda. Kama watu watatunza, acha kiitikio kimoja cha ziada mwishoni kwa ajili yao. Anayetembea na noti za pesa kutoka meza ya nyuma anahitaji sekunde 30.

Mipasho chagua kwa akili. Kwenye sendofu yenye mawifi wapya, wimbo wa kumchamba mtu una mwenye kuuchukua kuwa wake.

Injili nayo ni karaoke, hata kama kwenye ukumbi wa kanisa hatuiiti hivyo. Christina Shusho anaimbika: mistari yake ina nafasi ya kupumua, na Unikumbuke inampa hata mwanakwaya wa sauti ya pili mahali pa kukaa. Rose Muhando ni kazi nyingine kabisa. Mwendo wake ni wa kasi, maneno mengi, sauti ya kukwaruza aliyoizoea yeye. Anayeiga ule mkwaruzo atakohoa kabla ya ubeti wa pili, na kesho yake hatazungumza. Imba maneno na mwendo wake kwa sauti yako safi. Weka alama ya mkwaju (/) kwenye daftari kila mahali pa kuvuta pumzi, na pumua hapo hata kama hujaishiwa, kwa sababu sehemu inayofuata haikupi nafasi.

Saida Karoli anawainua watu wote, na Maria Salome ya mwaka 2001 haijazeeka. Iko kwa Kihaya. Wengi huimba milio bila maneno. Tafuta Mhaya akutamkie mstari kwa mstari, uandike unavyosikia. Sauti yake ni ya juu na kali. Kwa wengi -3 ndiyo pa kuanzia. Ukiona bado inakubana, kuna Salome ya Diamond Platnumz na Rayvanny, kijana wa Mbeya huyo, ya mwaka 2016, iliyojengwa juu ya ule wimbo.

Nyimbo za wanaume zinazopendwa na wanawake, kama Cinderella ya Ali Kiba au Kamwambie ya Diamond, zina njia mbili. Ya kwanza, imba kwenye kimo chake halisi. Utaona ubeti umezama, kwa hiyo pandisha 3 usikilize. Ya pili, imba oktavu moja, yaani nusu toni 12, juu yake na ushushe 4. Ya kwanza inafaa zaidi, kwa kuwa inakuacha kwenye sauti ya kifua. Za bendi za zamani, Sikinde au Msondo, wapeni watatu: ziliandikwa kwa sauti zinazosindikizana, na mwanamke mmoja peke yake hasikiki kama wimbo. Imbeni sehemu ya taratibu, chemko, yaani sehemu ya kasi ya kucheza, likianza wekeni maiki chini mcheze.

Za nje, jambo la kujua ni kwamba kii inahama ndani ya wimbo, na mtu aliyepima kiitikio cha kwanza anakutana na kingine mwishoni. My Love ya Westlife inatoka C kwenda D kwenye kiitikio cha mwisho. I Want It That Way ya Backstreet Boys inatoka A kwenda B. Hizo ni nusu toni 2. My Heart Will Go On ya Celine Dion inaruka 4, kutoka E hadi A-flati, na ndipo wengi wanapoanguka wakiwa wameshaimba vizuri dakika tatu nzima. Kwa hiyo pima kiitikio cha mwisho, siku zote, kisha shusha wimbo mzima kwa hicho. Mwanzo utasikika chini kidogo. Uvumilie.

I Will Always Love You ya Whitney, ya mwaka 1992, ina mitego miwili. Unaanza bila chombo hata kimoja, na asiyeshikilia noti anaanza popote. Vyombo vikiingia viko kwingine na yeye kwingine. Omba noti ya kwanza kutoka kwenye piano ya simu, sikio moja, sekunde chache kabla. Mtego wa pili ni ule ukimya na lile pigo la ngoma kabla ya kiitikio cha mwisho: wimbo unapanda toni nzima, kutoka A hadi B. Dada asiye na uhakika na amchukue mwenye wimbo, Dolly Parton, aliyeutoa mwaka 1974. Hakuna kuruka, hakuna kupiga kelele, na kwa maoni yangu huzuni yake inaingia ndani zaidi.

Kuhusu biti. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva hazina biti rasmi ya karaoke, kwa hiyo watu huondoa sauti ya msanii kwa programu. Zile za zamani hufuta kila kilicho katikati ya stereo, na katikati hukaa pia besi na ngoma kubwa. Ndiyo maana wimbo unabaki mwepesi kama karatasi. Programu mpya hutenganisha vizuri, ingawa kwenye viitikio vyenye sauti nyingi unabaki mzuka wa msanii ukiimba kwa mbali. Mzuka huo si mbaya, unakushika mkono. Hifadhi faili kwenye simu kabla ya siku. Wimbo wa dakika 4 wenye ubora wa kbps 320 ni karibu MB 10. Kutegemea intaneti ukumbini ni kusubiri duara lizunguke mbele ya watu.

Vyombo navyo. Spika zikae mbele ya mwimbaji zikitazama watu, kamwe zisiwe nyuma ya mgongo wake. Maiki isiingie kwenye bluetooth. Sauti yako itachelewa, utajisikia nyuma ya wimbo, na utaanza kuufuata mwangwi wako mwenyewe. Muziki unaweza kupita bluetooth, maiki iwe ya waya au ya redio yenye kipokezi chake. Usikumbatie kichwa cha maiki kwa kiganja: kinaacha kuchagua upande wa kusikiliza, kinasikia na spika, mluzi unaanza. Kwenye noti ya juu isogeze hadi sentimita 15, kisha irudishe. Betri za maiki huchoka upesi kwenye baridi, kwa hiyo beba mpya. Umeme ukikatika, zima amplifaya kabla haujarudi. Ukiwasha, amplifaya iwe ya mwisho.

Mvua ikipiga bati, na huku inapiga kweli kuanzia Novemba hadi Aprili, usiongeze maiki. Huwezi kuishinda, utavuna mluzi tu. Pumzika, watu wale, au chagua wimbo ambao ukumbi mzima unaujua waimbe wote.

Juni na Julai ni miezi ya koo. Mbeya mjini iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa baridi na hewa ni kavu. Soda ya baridi na bia ya friji ziache hadi uimbe. Kunywa maji ya uvuguvugu, yaanze kuingia saa mbili kabla. Jifunge shuka au skafu shingoni. Kisha dakika 10 nje ya ukumbi: tetemesha midomo kama mtoto anayeigiza gari, ukipanda na kushuka, imba "mmm" kutoka do hadi so na kurudi, ukipandisha do nusu toni kila mara, mara sita au saba, malizia kwa mstari wa kwanza wa wimbo wako kwa sauti ya kuongea. Ukiitwa, mkumbushe fundi namba yako kabla hajabonyeza cheza, kwa sababu mashine huwa imebaki kwenye kii ya aliyekutangulia.